Mwani wa Karagwe na Chai ya Baridi

Asubuhi ile mji wa Kayanga ulikuwa umefunikwa na ukungu hata vilima vya upande wa pili havionekani, na manyunyu yalikuwa yakitona juu ya migomba. Mimi, mtu wa pwani, nilikuwa nimejikunyata mlangoni mwa mkahawa, nimevaa koti la kuazima, mikono nimeizungusha kwenye kikombe cha chai ya maziwa. Ilikuwa katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, wakati barabara itokayo Kyaka kwenda Bugene ilipokuwa bado ikitiwa lami. Akaingia fundi mmoja wa Kichina, mtu wa makamo kama mimi, buti zake zimejaa udongo mwekundu, akaomba maji ya moto. Akafungua chupa yake ya kioo, ambamo mlikuwa na maua madogo yaliyokauka pamoja na majani nisiyoyatambua, akamimina maji juu yake, akangoja, kisha akaanza kunywa funda kwa funda. Nikamuuliza dereva wake, kijana wa Kinyambo aliyekwisha kuokota maneno ya kutosha ya Kichina, kinywaji kile ni kitu gani. Kijana akauliza, akajibiwa, akacheka, akaniambia: "Anasema, mzee, hii ni chai ya baridi. Ya kupoza moto wa ndani."

Nami nikacheka. Chupa ilikuwa ikifuka mvuke, na nje kulikuwa na baridi ya kuumiza vidole. Moto gani huo anaoupoza?

Swali hilo nililirudisha nyumbani pamoja na mizigo yangu, na kwa miaka kadhaa limekuwa likinivuta huku na huku mpaka likanifikisha mahali nisipopakusudia, yaani katika kosa langu mwenyewe. Ni kosa nililolitia kwenye beti nikiwa kijana, likasomwa hadharani na kupigiwa makofi, na hapana aliyenisahihisha kwa sababu wote tuliokuwapo tulikuwa watu wa pwani.

Lakini nianze na ile chupa. Wachina wa kusini, wa jimbo la Guangdong pamoja na Hong Kong na Macau, huiita chai hiyo liangcha, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni hiyo hiyo aliyoitoa dereva. Ajabu yake ni kwamba aghalabu haina jani la chai hata moja, na mara nyingi hunywewa ikiwa moto. Ndani yake hutiwa maua ya juhua, ambayo Wazungu huyaita krisanthemamu, majani ya mforosadi, na mizizi na magome ya miti mingine mingi, kila duka na mchanganyiko wake. Mjini Guangzhou liko jina la Wang Laoji, ambalo huhesabu umri wake tangu mwaka 1828, na mwaka 2006 serikali ya China iliitia chai hiyo katika orodha ya urithi wa taifa wa mambo yasiyoshikika kwa mkono. Ubaridi unaosemwa ni wa tabia ya mmea, haukutokana na birika. Mtu akila vya kukaanga kwa wingi, akikesha, akikasirika, au akipigwa na kiangazi cha kule chenye joto na unyevu, husemwa kuwa moto umempanda: koo humwasha, macho humwiva, vidonda humtoka mdomoni. Hapo hutafutiwa mmea wenye tabia ya baridi, mchungu kwa kawaida, nao humshusha.

Sisi wa visiwani tusijitie ugeni mbele ya maneno hayo. Nani kati yetu hakuambiwa na bibi yake asile embe nyingi kwa kuwa zina moto, wala asimpe mzazi maji ya dafu kwa kuwa yana baridi? Elimu hiyo ilitufikia kwa jahazi na kwa vitabu. Ibn Sina aliyaandika mambo ya tabia nne na maji manne ya mwili, nayo ni damu, balghamu, safura na sauda, na waganga wetu wa Kiarabu na wa Kiswahili wakayapokea na kuyafanyia kazi kwa tangawizi, ukwaju, mrehani na maji ya waridi. Tena sisi tuna kituko chetu kisichopungua cha yule Mchina: saa tisa za mchana, jua likichoma mabati, wazee hukaa barazani wakanywa kahawa chungu iliyotoka kwenye mkaa, katika vikombe vidogo, na ukiwauliza watakwambia kwamba kahawa humpoza mtu. Na kweli, jasho likishatoka, upepo ukishapita, mtu hupoa. Juu ya tabia ya kahawa yenyewe, kama ni ya moto au ya baridi, matabibu wa Uarabuni wamebishana tangu karne ya 16, na sijaona aliyewashinda wenziwe.

Sasa kosa langu. Katika utenzi wangu wa ujana niliandika kwamba kahawa ilitoka Yemeni ikaja kwetu, na sisi ndio tuliowapelekea watu wa bara, kama tulivyowapelekea kanzu na herufi. Msomaji atanisamehe nisizinukuu beti hizo, hazistahiki. Ilikuwa ni rahisi kuamini hivyo. Neno kahawa ni la Kiarabu, neno buni ni la Kiarabu, birika na vikombe vyetu vina sura ya Uarabuni, na fikira ya kwamba kila jambo jema husafiri kutoka bahari kwenda bara tumeinyonya pamoja na maziwa.

Kilichonivunja ni kazi ya kutafsiri. Nilikuwa nimeombwa kutafsiri kurasa chache za kitabu cha Richard Burton, kilichochapwa mwaka 1860, juu ya nchi za maziwa makuu. Burton mwenyewe hakufika Karagwe. Alikaa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mnamo miaka ya 1857 na 1858, akiwahoji wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakienda na kurudi. Aliyemfaa zaidi ya wote alikuwa Snay bin Amir, Mharithi, ambaye mwaka 1852 alikuwa amekwisha kufika Buganda. Burton asema kwamba bwana huyo alianza maisha yake Maskati akiwa mpishi wa tamutamu, na baadaye ndipo akatajirika kwa pembe na kwa watumwa. Hilo la mwisho lisipitwe kwa haraka. Njia iliyopitisha kahawa ndiyo iliyopitisha watu wenye minyororo, na mwandishi anayesifu harufu ya kahawa bila ya kulitaja hilo hajawatendea haki wasomaji wake.

Katika kurasa zile nilizopewa nikakutana na habari za kahawa ya Karagwe. Burton ameiandika kwa jina la "mwami". Aeleza kwamba punje yake ni ndogo mno, mfano wa kichwa cha pini, na kwamba wenyeji hawainywi. Huchuma tunda kabla halijaiva, wakalimenya na kulitafuna. Kisha akatia sentensi moja ambayo kalamu yangu ilisimama juu yake kwa muda mrefu: kwamba Waarabu waliipenda kahawa hiyo kuliko ya Mocha.

Yaani watu wa Maskati na Unguja, waliozaliwa na kikombe mkononi, wamekaa Kazeh mwendo wa miezi kutoka baharini, wanaletewa na misafara buni ya Karagwe, na wanaiweka mbele ya buni ya Yemeni! Na mimi nilikuwa nimeandika kwamba tuliwapelekea.

Neno lenyewe nalo lilinichezesha shere. Burton amelitia "m" pahala pa "n", kwani kwa Wanyambo na jirani zao Wahaya kahawa ni omwani, na ile inayotolewa kwa mgeni huitwa kwa udogo, akamwani. Kwetu mwani ni jani la bahari, ambalo akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakililima kwa biashara tangu mwaka 1989, wakilianika juu ya mchanga. Maneno hayo mawili sidhani kuwa ni ndugu. Lakini mtu aliyekulia pwani, anapoambiwa kule milimani kwamba mwani umeanikwa uani, hawezi kuzuia pua yake isitafute harufu ya chumvi.

Nitoe picha ya Karagwe ya wakati huo kwa msomaji asiyeijua. Ulikuwa ufalme wa Wahinda, na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Ni nchi ya vilima vilivyoinuka, ya ng'ombe na migomba, yenye mvua mara mbili kwa mwaka na hali ya hewa ambayo kwa mtu wa Unguja ni ya baridi hata Januari. Leo ardhi ya ufalme huo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambayo ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kupakana na Uganda na Rwanda. Mfalme aliyejulikana sana na wageni alikuwa Omukama Rumanyika, mwana wa Ndagara. Mwendo mfupi kutoka kwake palikuwa na kituo cha Kafuro, walipojenga wafanyabiashara wa pwani na wa Kihindi, miongoni mwao Musa Mzuri aliyekuwa na makao yake Kazeh. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata baraza yake ya kwanza katika pande zile. Stanley alipopita mwaka 1876 alikaribishwa Kafuro na Hamed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi huko miaka mingi.

Speke na Grant walifika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Wote wawili wameandika vitabu, na wote wawili wamemsifu mfalme huyo kwa upole wake na kwa maswali yake. Mimi katika safari ile namtazama zaidi mtu wa tatu, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi huru. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, naye akayageuza maneno kuwa Kiswahili, na Kiswahili kikageuzwa tena mpaka kikafika masikioni mwa Omukama. Mfasiri hujua ni vitu vingapi huanguka njiani katika safari ya namna hiyo. Kama Rumanyika alimweleza mgeni wake maana ya ile punje aliyopewa mlangoni, sikuiona imefika upande wa pili.

Grant alikuwa na shida nyingine. Mguu wake ulivimba, ukakakamaa, ukatoka usaha kwa miezi, akashindwa kuondoka na mwenzake. Speke alikwenda zake Buganda Januari 1862, na Grant akabaki Karagwe mpaka Aprili. Madaktari wa leo, wakiyasoma maelezo yake, huona kuwa huenda ndiyo maandishi ya kwanza ya ugonjwa ambao sasa huitwa kidonda cha Buruli. Waganga wa kienyeji waliitwa, wakajaribu dawa zao. Alikuwa mgonjwa mgeni, asiyeweza kutembea, na katika nchi ile alilishwa na kuuguzwa kwa miezi kadhaa. Hayo nayasema kwa sababu vitabu vya wasafiri hupenda kuhesabu kodi waliyotozwa njiani, shanga na waya, na huhesabu kwa unyonge zaidi walichopewa bure.

Baada ya kuyasoma hayo niliona aibu kukaa kimya, nikarudi. Safari ya pili sikuishia Kayanga; nilipanda hadi Nkwenda na kupita Isingiro, katika wilaya ya Kyerwa, kwa pikipiki, magoti yakiniuma. Jamaa mmoja mwalimu alinipeleka kwa mama mmoja mkongwe, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniruhusu wala sikumwomba. Nilipoinama kumwamkia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Karibu, mwanangu, umetoka mbali," kisha kabla sijakaa sawasawa nikaletewa kikapu kidogo cha ukili, na ndani yake punje nyeusi zilizosinyaa. Nikachukua moja. Ilikuwa kavu, ngumu, yenye harufu ya moshi na ya majani. Ukiitafuna huanza kwa uchungu, kisha kitu mfano wa mrehani hupanda puani, na ulimi hubaki safi kama uliosuguliwa.

Akanionyesha namna anavyofanya. Tunda la kahawa ya asili ya huko, ile iitwayo robusta, huchumwa likiwa bado kijani. Hutiwa chunguni pamoja na maji na majani yenye harufu. Katika chungu chake niliona mmea ambao ukiufikicha hunuka kama kivumbasi chetu, na nyasi ndefu za jamii ya mchaichai, na jani la tatu ambalo aliniambia ni lake na mama yake, akacheka, hakulitaja. Huchemshwa kwa muda mrefu, kisha maji humwagwa. Yeye aliyamwaga kwenye shina la mgomba. Punje huanikwa juani siku kadhaa, zikawekwa juu ya meko zipate moshi, na hapo huwa tayari kukaa miezi mingi zikimngoja mgeni.

Nikakaa nikimtazama akiyamwaga yale maji, na yule fundi wa Kichina akanijia akilini. Yeye huchemsha majani, akanywa maji, akatupa majani. Huyu mama huchemsha majani, akatupa maji, akala kilichobaki. Viungo karibu ni vile vile, chungu ni kile kile, moto ni ule ule. Burton alipoambiwa kwamba watu hawa hawainywi kahawa yao aliandika kama aandikaye juu ya watu ambao bado hawajagundua jambo. Hakuna aliyemwambia, au aliambiwa na likaanguka njiani, kwamba walikuwa wameipika tayari, kwa ustadi, kwa mimea waliyoichagua, na kwamba waliitengeneza iweze kutiwa mfukoni. Msafiri wa Kinyambo hakuhitaji birika.

Ndipo nikauliza swali langu la kitoto. "Mama, hii kahawa ni ya moto au ni ya baridi?" Mwalimu aliligeuza kwa Kinyambo, mama akamtaka alirudie, akaligeuza tena. Akanitazama kama atazamaye mtu mzuri mwenye akili kidogo. Akasema: "Kahawa ni ya mgeni."

Nilijaribu mara ya pili, nikaeleza habari za pwani, za embe na dafu, na za Wachina. Alisikiliza kwa adabu yote. Mwisho akasema kwamba mtu akitoka safari moyo wake huwa unakwenda mbio, hajui kama nyumba hii itamtaka, na akipewa akamwani hujua ametakwa, akatulia. Sikuandika zaidi ya hapo. Ningependa, kwa ajili ya makala haya, kusema kwamba nimekuta Karagwe elimu ya joto na baridi sawa na ya Guangdong na ya Ibn Sina. Ingekuwa pambo zuri. Lakini hakuniambia hivyo, na mizani yangu ya pwani sina haki ya kuitundika mlangoni kwake.

Ukarimu wa punje hiyo ulikuwa na upande mzito zaidi. Tunda la kahawa lina punje mbili zilizolala uso kwa uso katika ganda moja. Katika nchi za maziwa makuu watu wawili walipotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka damu yake punje moja, na mwenzake akaila. Ndiyo omukago. Wapwani walilijua jambo hili kwa jina la kuchanjiana, na wafanyabiashara wetu walilitumia sana bara ili wapite kwa amani. Baadhi yao kwa nia safi, baadhi yao kwa hesabu tu. Najiuliza ni wangapi waliokula punje ile Karagwe na kisha wakarudi Kazeh wakazikaanga punje za aina hiyo hiyo, wakazisaga, wakazinywa, bila ya kuona kwamba ni kitu kimoja.

Mlangoni kwa mama yule palikuwa na mti mwingine ambao hakuna mtu wa Kagera asiyeujua, nao ni omubirizi. Jani lake ni chungu kupita mwarobaini, au karibu. Huo ndio unaotajwa watu wanapozungumza juu ya homa. Mama akaniambia kwamba kwao majani yake yalifikichwa kwa mkono ndani ya maji ya baridi mpaka maji yakawa kijani na kutoa povu, yakachujwa, akapewa mgonjwa anywe. Nikamuuliza kama hayachemshwi. Akasema mama yake hakuchemsha.

Hapo nilishituka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari inayofanana na hiyo kutoka mbali sana. Katika karne ya 4 tabibu wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika kitabu cha dawa za dharura, na humo, kwa ajili ya homa za vipindi, ameelekeza konzi ya majani ya qinghao yalowekwe majini, yakamuliwe, na maji yake yanywewe yote. Hakusema yachemshwe. Miaka zaidi ya elfu moja na mia sita ikapita. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake, waliokuwa wakitafuta dawa ya malaria kwa amri ya serikali yao, walikuwa wakiuchemsha mmea huo na kupata matokeo yasiyotegemeka, mpaka aliporudi kwenye maneno yale ya Ge Hong na kushuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa. Mwaka 1971 wakaikamua kwa joto la chini, ikafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kutokana na mmea huo ndiyo imepatikana ile ambayo sisi tunaiita dawa mseto, na Tanzania iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006.

Kwa hiyo jani la kupoza homa la Wachina lilikuwa limekwisha kufika Karagwe kabla ya barabara na kabla ya fundi na chupa yake, likiwa ndani ya vidonge katika zahanati za vijijini. Mama yule mwenyewe, mjukuu wake anapochemka usiku, humpeleka akapimwe. Aliniambia hivyo bila ya kuulizwa, na mimi naliandika kwa makusudi, asije msomaji akaifanya makala ya mshairi kuwa cheti cha daktari. Omubirizi umebaki mlangoni. Huchumwa bado, kwa tumbo, kwa mazoea, kwa heshima ya waliotangulia.

Yaliyobaki ya historia ya kahawa huko yameandikwa na wengine kwa kirefu, nami nitayapitia juu juu. Katika falme za Buhaya kupanda kahawa hakukuwa ruhusa ya kila mtu. Ilikuwa ni mali yenye mkono wa mfalme juu yake. Wajerumani waliivunja desturi hiyo, wakataka kila mtu apande ili apate fedha ya kodi. Waingereza wakaleta kanuni za namna ya kuilima, na mwaka 1937 watu wa Bukoba wakazipinga kwa ghasia. Vikaja vyama vya ushirika, kikaja kiwanda cha kahawa ya unga Bukoba, na ukaja pia ule mtindo unaoitwa butura, ambapo mkulima mwenye shida humuuzia mwenye fedha kahawa iliyo bado ua mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imeupiga marufuku, na kila aliyeutaja mbele yangu aliinamisha sauti. Kinachonihuzunisha mimi ni kidogo zaidi na labda hakina bei. Katika miti iliyokwisha kuuzwa ikiwa maua, mama hawezi kuchuma tunda la kijani la kumwekea mgeni. Mwalimu aliyenipeleka alikiri kwamba nyumbani kwake yeye mgeni hupewa soda.

Niliporudi Unguja nilikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Jioni nikakipeleka barazani, pale nilipokuwa nimesoma utenzi wangu miaka thelathini iliyopita. Baadhi ya waliopiga makofi siku ile wamekwisha kutangulia mbele ya haki, waliobaki walikuwapo. Nikawaeleza kosa langu mbele yao, na nikawapa kila mmoja punje moja. Muuza kahawa alikataa kwanza, akisema ataharibu ulimi wake wa kazi, kisha akaipokea kwa ncha ya vidole, akainusa, akaitia kinywani. Wakatafuna kimya.

"Na maji yake?" akauliza mzee mmoja.

"Yamemwagwa mgombani."

Akaniangalia kwa mashaka, akatafuna tena. Mwenzake akasema ina moto, kwani anausikia kifuani. Wa tatu akasema hapana, ni ya baridi, hamwoni jinsi ulimi unavyopoa? Muuza kahawa akasema yeye ataamua akipewa ya pili. Nikakisukuma kifurushi katikati ya mkeka, nikawaacha wakibishana.